Mwanamke Nyuma ya Zumari

Watu wa redio walimwita Mama Sikio, na hawakumpa jina hilo kwa kumpamba. Ukimwekea wimbo asioujua, alivaa hedifoni, akafumba macho, kisha akakwambia kwamba chumba kilichorekodiwa kilikuwa na zulia, mpiga gitaa anatumia mkono wa kushoto, na mwimbaji wa tatu kutoka mwisho ana mafua. Lakini sikio hilohilo lilikuwa na ugonjwa wake: lilisikia hila pale ambapo wengine walisikia salamu. Umwamkie kwa uchangamfu uliozidi kidogo, basi siku nzima anajiuliza ulikuwa unataka nini. Maziwa aliyanusa mara mbili hata yakifunguliwa mbele yake. Mhudumu wa ofisi aliyewahi kumpelekea chai bila kuitwa alitazamwa mpaka akatoka kinyumenyume.

Kwa hiyo shemeji yake alipoingia chumba cha kanda, ambamo Mama Sikio alinakili na kusafisha kanda za redio, Jumatatu moja asubuhi, amekumbatia sanduku la bati, machale yalimcheza kabla sanduku halijatua mezani.

Shemeji huyu alikuwa mume wa mdogo wake, na mdogo wake alikuwa na miaka mitatu kaburini. Kazi ya shemeji ilikuwa ufundi wa mashine za kusaga nafaka. Kampuni yake iliuza mashine kila pembe ya dunia, na yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuzifunga. Miaka kumi na tisa alizunguka hivyo, miezi tisa kwa mwaka hayupo, na mkewe amebaki kwenye nyumba ya vyumba viwili, bila mtoto, anaongea na kuta. Mama Sikio hakuwahi kumsamehe. Mwanamume anayesafiri kiasi hicho, alikuwa akisema, hasafiri na spana peke yake.

Ndani ya sanduku mlikuwa na kanda ishirini na nne za magurudumu, za kizamani. Kumbe huko kote shemeji alikuwa na wazimu wake. Mashine ikishaanza kusaga, wenzake walikwenda kulala hotelini, yeye akaenda kutafuta muziki. Si muziki wa nchi, ule wa sherehe na viwanja vya ndege. Alitafuta muziki mdogomdogo, ambao hata kijiji cha jirani hakiujui: nyimbo za wanawake wanaokanyaga sufu kwenye mabeseni, ambazo haziruhusiwi kuisha kabla maji hayajapoa; mitindo mitatu tofauti ya wapima visima, wanaogombana mpaka leo kuhusu nani alianza; kwaya ya mafundi saa inayofuata saa tatu zisizokubaliana; na zumari la wachunga bata wa nchi fulani ya matope na baridi, ambalo noti zake zote zinashuka kidogo chini ya pale unapozitarajia. Kwa wachunga bata, alieleza shemeji, noti iliyonyooka ni ya mtu mwenye majivuno.

Redio ilikuwa na kipindi cha mambo kama hayo, Jumapili alasiri. Mtangazaji wake, bwana mmoja mwenye mikogo ambaye wenzake walimwita Mbwembwe, alipoisoma ile orodha nusura amwage machozi. Akataka vipindi vinne mfululizo. Shemeji akakubali, ila akaomba mambo mawili. La kwanza, itangazwe kwamba vipindi hivyo ni kumbukumbu ya marehemu mkewe. La pili alilisema akitazama viatu vyake. Aliomba shemeji yake asizisafishe sana zile kanda.

"Ziache na vumbi lake," alisema.

Mama Sikio aliitikia kwa kichwa, lakini moyoni alishaweka alama. Mtu anayekuletea shuka umfulie, halafu anakuomba usifue sana, lipo doa analolijua.

Kanda zilikuwa hoi. Zilikaa miaka chini ya kitanda, kwenye chumba chenye unyevu, na utepe ulikuwa unanata. Kanda za namna hiyo zina matibabu yake: unaziweka kwenye tanuri dogo la moto mdogo, siku nzima, zikauke, kisha unazipitisha kwenye mashine mara moja. Mara moja tu. Zikipita, unga wa kahawia unabaki kwenye vichwa vya mashine, na unga ule ndio sauti yenyewe. Ulichokinakili siku hiyo ndicho kitakachobaki duniani. Ndiyo maana juu ya meza ya Mama Sikio palibandikwa sheria aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: nakili kwanza, safisha baadaye. Alishawahi kumtoa mtu kazini kwa kuivunja.

Kanda ya kwanza ilikuwa ya wachunga bata. Aliinakili kama ilivyo, akaridhika, ingawa kulikuwa na kitu cha ziada nyuma ya zumari, kama mtu anayeguna. Ya pili, ya wapima visima, nayo ilikuwa na mguno. Kwenye kanda ya tatu, ile ya mafundi saa, aliondoa hedifoni, akazifuta kwa kitambaa, akazivaa tena.

Alikuwa mwanamke. Mwanamke mmoja, yuleyule, nyuma ya kila wimbo, anaufuata kwa sauti ya chini. Nchi ya matope alikuwepo. Jangwani kwenye visima alikuwepo. Kwa mafundi saa, ambako shemeji alisema mwanamke haingii, alikuwepo, na hata alikohoa mara moja.

Mbwembwe alisikilizishwa kidogo tu, akasema huyo mama wa nyuma anaimba vizuri kuliko wa mbele. Mama Sikio alimtazama kwa jicho ambalo lilimkumbusha kwamba ana kazi nyingine ghorofa ya juu.

Mawazo yake ya kwanza yalikuwa kwamba muziki wote ni wa kughushi, kwamba shemeji alijifungia mahali na mwanamke fulani na vyombo viwili vitatu, akaunda dunia nzima sebuleni. Lakini muziki wenyewe ulikataa. Hakuna mtu awezaye kughushi wanawake kumi na wanne wanaokanyaga sufu, kila mmoja na uzito wake. Muziki ulikuwa wa kweli. Basi kama muziki ni wa kweli, na mwanamke yupo kila mahali, jibu lilikuwa moja, na Mama Sikio alikuwa nalo tayari kwa miaka kumi na tisa. Mwanamke huyo alisafiri naye.

Mambo yote yakaanza kupanga foleni. Ndiyo maana barua zake zilikuwa fupi. Ndiyo maana alitazama viatu. Kulikuwa hata na mwangwi wa chumba kidogo juu ya kila wimbo, pamoja na kijiko kinachogonga kikombe, na Mama Sikio akaviona vyumba vyenyewe: vyumba vya hoteli, chai ya watu wawili, mwanamke amekaa kitandani anaimba na kaseti. Na sasa mzee huyu, bila haya, anataka sauti ya mtu wake irushwe hewani kwa jina la mke aliyemwacha nyumbani.

Angeweza kumwuliza. Namba ya simu anayo, nyumba anaijua, na mtu mwenyewe si mkali. Lakini mtu mwenye shaka haulizi swali, maana anaogopa kupewa jibu zuri.

Alichofanya ni hiki. Redio ilikuwa imenunua programu mpya ya kusafishia sauti: unaionyesha mfano wa sauti usiyoitaka, nayo inaitafuta popote ilipo na kuitoa. Aliionyesha yule mwanamke kwenye kanda tatu alizokwisha kunakili. Programu ikamnyofoa taratibu, wimbo ukabaki. Kisha akafuta nakala za mwanzo, zile zenye mwanamke, na kapu la taka la kompyuta akalimwaga, kwa sababu Mbwembwe alikuwa na tabia ya kupekua mafaili na kurusha chochote kinachomfurahisha. Na kuanzia kanda ya nne, hakuthubutu tena kunakili kwanza. Alifunga kichujio mlangoni kabisa, sauti ikawa inaingia kwenye kompyuta ikiwa imeshasafishwa, ili hata yeye mwenyewe asilazimike kumsikia mwanamke yule mara mbili.

Sheria ya kalamu nyekundu ilikuwa palepale, mbele ya pua yake. Alijiambia kwamba sheria ile ilitungwa kwa ajili ya vumbi na kelele, haikutungwa kwa ajili ya wahuni.

Wiki mbili alifanya kazi hiyo, kanda mbili kwa siku, na lazima isemwe kwamba aliifanya kwa raha. Kila jioni alifuta unga wa kahawia kwa pamba, akatupa pamba kwenye ndoo, akajisikia amemtendea mdogo wake haki ambayo hakuna mwingine aliyewahi kumtendea. Alifika kanda ya ishirini na mbili. Zikabaki mbili, na mojawapo ilikuwa imegandamana kama mkate uliolowa. Hiyo tanuri lilishindwa nayo.

Ijumaa ya wiki hiyo, saa tisa alasiri, shemeji akaja bila kuitwa. Alikuwa amevaa koti lililopigwa pasi na amenyoa ndevu. Aliomba, kama si usumbufu, asikilizishwe kanda moja kabla ya Jumapili.

Mama Sikio alikuwa akiingoja siku hiyo. Alimpa kiti cha mbele ya spika, akageuza chake ili auone uso wake vizuri, akacheza kanda ya wachunga bata. Zumari likatoka peke yake, safi kabisa.

Shemeji alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Baada ya dakika mbili aliuliza kama inawezekana kusikia nyingine. Akawekewa wapima visima. Akaomba nyingine. Kufikia mafundi saa alikuwa ameinuka nusu, sikio karibu liguse spika, na mikono yake imeshika ukingo wa meza. Mama Sikio aliutazama uso huo ukitafuta na kukosa, akaona raha ambayo hakutegemea kuiona.

"Mbona hayupo?" shemeji aliuliza.

"Nani?"

"Shemeji, wewe unamjua."

Hapo ndipo Mama Sikio alipolifungua lile gunia la miaka kumi na tisa. Hakupandisha sauti, mtu anayejua kazi ya sauti hana haja ya kuipandisha. Alimwambia kwamba amemtoa. Mwanamke wake huyo amemtoa, kanda baada ya kanda, na hakuna mahali popote alipobaki. Alimwambia kwamba alikuwa tayari kuvumilia mengi kwa kuwa yeye ni shemeji na mzee, lakini mdogo wake hataombolezwa redioni kwa sauti ya mwanamke wa hotelini.

Shemeji alikaa. Alikaa polepole, kama mtu anayepapasa kiti gizani, na ilikuwa alasiri na madirisha yako wazi.

"Shemeji," alisema, "huyo ni mdogo wako."

Mama Sikio alinyoosha mkono, akazima spika.

Maelezo yalikuja kidogokidogo, kwa maneno machache, maana mwenyewe hakuwa mzungumzaji. Safarini alikuwa na kinasa sauti cha mfukoni na kaseti sita tu. Zikijaa, alizituma nyumbani kwa posta. Mkewe alikuwa na mashine kubwa ya magurudumu, ya mkono wa pili, na hakuwa na waya wa kuunganishia. Duka lililouza waya ule lilikuwa limefungwa. Basi alikuwa akiweka redio yao ya kaseti na mashine kubwa mezani, vikitazamana uso kwa uso, kimoja kinaimba na kingine kinanasa, kisha anafuta kaseti na kuzirudisha kwa posta. Ndiyo maana kila wimbo ulikuwa na mwangwi wa chumba kimoja. Kilikuwa chumba chao cha mbele. Kijiko kilikuwa cha chai yake. Naye, akisubiri wimbo uishe, alikuwa anauimba.

Nakala ya spika kwa maikrofoni! Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeisikia. Mama Sikio aliwahi kuwafundisha watu wazima kuitambua kwa sekunde tano.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha. Alisema dada akijua kwamba anaimba atacheka." Shemeji alipangusa uso kwa kiganja. "Nikaona bora usikie mwenyewe. Nilidhani utamjua, shemeji. Wewe ndiye mwenye sikio."

Angemjuaje? Katika maisha yao yote hakumsikia mdogo wake akiimba hata mstari mmoja baada ya kwaya ya shule. Na kwenye kwaya ya shule yeye, dada mkubwa, kiongozi wa sauti ya kwanza, ndiye aliyemvuta pembeni mtoto wa miaka kumi na miwili, akamwambia anashusha noti za wenzake, siku ya mashindano afungue mdomo tu, asitoe sauti. Hakumwambia kwa ubaya. Mtoto aliitikia, siku ya mashindano akafungua mdomo, na kwaya ikashinda. Mama Sikio alikuwa amesahau jambo hilo jinsi mtu anavyosahau kumwambia mwenzake afunge mlango.

Shemeji aliongeza jambo moja, bila lawama, na hilo ndilo lililomkata. Alisema kaseti ya wachunga bata ilipofika nyumbani, mkewe alimwandikia barua ya kurasa nne, yeye ambaye hakuwa mwandishi. Aliandika kwamba amepata watu wanaoimba kama yeye. Tangu hapo kila barua ilikuja na ombi: tafuta wengine, tafuta wale ambao noti zao hazijanyooka. Wazimu ule wa kutafuta muziki mdogomdogo haukuwa wa fundi mashine hata siku moja. Yeye alikuwa mjumbe tu.

"Nilitaka kumsikia," alisema. "Mimi mashine yangu ilikufa zamani. Zimebaki ngapi?"

"Moja," alisema Mama Sikio.

Kanda ya ishirini na tatu ilikuwa imekaushwa tangu jana. Aliiweka kwenye mashine, akaupitisha utepe. Aliondoa kichujio. Alikagua kwamba ameondoa kichujio, akakagua tena, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi aliyemtilia shaka alikuwa yeye mwenyewe. Alimwambia shemeji kwamba utepe wa namna hii ukianza kupita hausimamishwi katikati. Ukisimama unagandia kwenye kichwa na kukatika. Shemeji akasema hawana haraka.

Walikuwa wachunga bata tena, kikundi kingine. Zumari lilianza, na sekunde chache baadaye yeye akaingia. Safari hii hakuguna. Aliimba kwa sauti kamili, bila maneno, chini kidogo ya zumari, akishuka pale zumari liliposhuka na kubaki hukohuko chini, bila wasiwasi, kama mtu aliyekaa kwake. Mama Sikio alimsikiliza kwa sikio la kazi kwa kuwa hakuwa na jingine. Hakukuwa na kosa. Kwa kipimo cha kwaya ya shule noti zote zilikuwa zimeshuka, na kwa kipimo cha wale waliotunga muziki ule hakukuwa na hata moja iliyokuwa si mahali pake. Shemeji alikuwa amefumba macho, na machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta.

Wimbo wa pili ulikuwa katikati uliposikika mlango ukigongwa. Haukuwa mlango wa redioni. Sauti ilitoka ndani ya spika.

"Hodi humu," ilisema sauti ya mwanamke kwenye kanda, ya haraka, yenye afya, ya mtu aliyezoea kufunguliwa.

Uimbaji ulikatika palepale.

"Karibu, dada. Ngoja nifungue."

Miguu ilitembea. Kitasa kililia. Ile sauti ya haraka ikauliza ni kelele gani hizo zinazosikika mpaka nje, nani anamchinja paka, na ile sauti nyingine, iliyokuwa ikiimba sasa hivi, ikacheka kidogo.

"Ni mashine tu, dada. Twende tukae uani, huku kuna joto."

Mlango ukafungwa. Mashine kubwa haikuzimwa. Labda aliisahau, labda hakutaka dada yake aone anakwenda kuizima. Zumari liliendelea kucheza kwenye chumba kisicho na mtu.

Mama Sikio alitazama gurudumu. Utepe uliobaki ulikuwa wa dakika kumi na moja. Alijua, kwa sababu alijijua, kwamba akimtembelea mdogo wake hakuwahi kuondoka kabla ya saa mbili kwisha. Hata hivyo aliinama karibu na spika, shemeji naye akainama upande wake, na wote wawili wakasikiliza kama atarudi.

Hakurudi. Utepe ulipita wote, unga ukadondoka, na zumari likacheza peke yake mpaka mwisho.